Usitume hela kwa sababu ya msimamo wa Januari

Mkuu, usitume hiyo hela. Uzi wako nimeusoma nikiwa kwenye daladala, nikashindwa hata kusubiri nifike nyumbani.

Kwa wanaoingia sasa hivi: mleta uzi ana mdogo wake mrefu, anajua mpira wa kikapu, na amepata nafasi chuo kidogo Marekani, Divisheni ya Tatu, yaani daraja la tatu la chama cha michezo ya vyuo, NCAA. Wakala amemtumia picha ya msimamo wa konferensi, yaani lile kundi la vyuo jirani vinavyocheza ligi yao wenyewe kwa wenyewe. Chuo cha dogo kiko juu kabisa, mechi nne, ushindi nne. Kaambiwa alipe kabla ya Jumapili, la sivyo nafasi inakwenda kwa mwingine. Anauliza kama timu ni nzuri, viza inachukua muda gani, makoti anunue huku au kule, na dogo akifika atapata kazi au la.

Picha kama hiyo na mimi nilitumiwa. Januari vilevile, mechi nne vilevile, jina la chuo limezungushiwa duara jekundu. Nakuandikia kama mtu aliyelipa.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nashinda viwanja vya Don Bosco Upanga asubuhi na jioni. Mkononi nina ofa mbili, vyuo viwili vya konferensi moja. Cha kwanza ushindi nne, hakijafungwa. Cha pili ushindi mmoja, vipigo vitatu. Hicho cha pili kilikuwa kinanipunguzia gharama kwa dola 9,000 zaidi kila mwaka, na kocha wake alishanipigia simu mara tatu. Mara ya tatu aliomba aongee na mama, na mama kwa Kiingereza chake cha shule ya msingi akamwambia nisilale njaa. Yule kocha akacheka, akamwahidi.

Wakala wangu akasema, "Mdogo wangu, unamwacha mshindi unamfuata anayepigwa? Akili hiyo?" Akanitajia nyota wa zamani wa NBA, Scottie Pippen na Dennis Rodman, kwamba wote wametoka vyuo vidogo. Ni kweli wametoka vyuo vidogo, Pippen Central Arkansas na Rodman Southeastern Oklahoma State. Lakini wakati ule vyuo hivyo vilikuwa NAIA, chama kingine kabisa kinachoruhusu ufadhili wa michezo. Mimi nilikuwa napelekwa Divisheni ya Tatu, ambako chuo hakiruhusiwi kukupa hata senti kwa sababu unacheza mpira. Msaada wa kule ni wa uwezo wa familia au wa alama zako za darasani, basi. Yule mtu alilijua hilo na bado barua zake zote zilisema "ufadhili wa kikapu". Alikuwa na maneno laini kuliko halua ya Zanzibar, na kila neno lilikuwa na bei. Kama na wako anatumia hilo neno kwa chuo cha Divisheni ya Tatu, ujue anakudanganya au hajui kazi yake, na vyote viwili vinakutosha kumkimbia.

Baba aliuza kiwanja cha Chanika. Wakala akachukua dola 1,500 "za kuharakisha".

Sasa nikuonyeshe zile mechi nne, maana hapa ndipo hela ya kiwanja ilipozama. Tatu zilichezwa nyumbani. Ya nne ilikuwa ugenini kwa jina tu, chuo cha mji wa pili, dakika ishirini kwa basi. Wapinzani wote wanne walikuja kumaliza nafasi nne za chini kwenye konferensi ya timu tisa. Na ushindi wenyewe: pointi 2, pointi 3, pointi 6, na mmoja wa pointi 1 baada ya muda wa nyongeza, mpinzani akiwa amekosa mitupo huru miwili na saa inasoma sekunde nne. Hiyo ndiyo timu niliyoambiwa haishikiki.

Zilibaki mechi 12. Wakashinda tatu. Jumla ushindi 7, vipigo 9, hawakuingia hata nne bora za kucheza mtoano. Mimi niko Dar, hela imeshakwenda, sikuulizia tena matokeo. Ningeulizia ili iweje?

Na kile chuo cha vipigo vitatu? Ratiba ilikuwa imewaanzisha na safari tatu mfululizo kwa vigogo wa konferensi. Walifungwa kwa pointi 2, kwa pointi 4, na kwenye muda wa nyongeza. Mtu mwenye macho angeona hapo timu kali kuliko ya kwangu. Walimaliza na ushindi 11, wakabeba mtoano wa konferensi, na bingwa wa mtoano ndiye anayekwenda mashindano ya taifa moja kwa moja.

Nilifika Agosti. Kocha aliyenisajili alishaondoka tangu Aprili. Wachezaji wanne kati ya watano waliokuwa wanabeba timu walikuwa wa mwaka wa nne, wamehitimu Mei, wamekwenda. Mkuu, hili lisome polepole: msimamo wa Januari hii ni wa watu ambao dogo hatawakuta. Yeye ataingia na wale wanaokaa benchi leo. Kocha mpya alinikuta kwenye orodha kama kiti kilichoachwa na mpangaji wa zamani. Jina langu alilitamka namna tatu tofauti katika wiki moja.

Aliyenifungua macho ni mzee wa chumba cha jezi. Nilikuwa nafanya kazi kwake masaa ya jioni, nafua na kukunja. Msimu wangu wa kwanza tulianza tena vizuri, mechi tatu za konferensi, ushindi tatu, chuo kizima kinashangilia, na mimi moyoni nasema sasa kiwanja cha baba kinarudi. Mzee akabandua ratiba iliyokuwa ukutani juu ya mashine ya kufulia, akaitandaza kwenye meza ya kukunjia, akanipa kalamu nyekundu. Akaniambia niandike mbele ya kila ushindi: nani, wapi, na wenyewe walikuwa wamecheza jana yake au la. Nikaandika. Wa kwanza alikuwa wa mkiani. Wa pili wa mkiani, na alikuwa amesafiri masaa matano baada ya mechi ya Ijumaa usiku. Wa tatu alimkosa mlinzi wake mkuu. Mzee hakusema kitu, akageuza karatasi upande wa Februari: safari, safari, nyumbani, safari. Mashine inazunguka, chumba kinanuka sabuni na jasho, na mimi naona kabisa tunavyokwenda kupigwa. Tukapigwa.

Moja ya safari hizo ilikuwa kwenye ukumbi wa kile chuo nilichokikataa. Wanafunzi wamejaa hadi ukingo wa mstari, ukikaa benchi unasikia pumzi zao shingoni. Tulifungwa kwa pointi 27. Nilicheza dakika mbili za mwisho. Tulipopanga mstari wa kupeana mikono, kocha wao akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akaniita kwa jina langu kamili bila kukosea, akauliza, "Mama yako hajambo?" Niliingia kwenye basi nikajifunika kofia ya jaketi usoni hadi tunafika, saa nane usiku.

Mtakaosema nilikuwa mtoto, sawa nilikuwa mtoto. Ndiyo maana namwandikia kaka mtu.

Kanuni yangu ni moja tu: subiri mzunguko wa pili. Usiamini msimamo mpaka timu imerudi kukutana na wale wale iliowafunga, safari hii kwao. Konferensi nyingi ndogo kila timu inakutana na mwenzake mara mbili, nyumbani na ugenini. Mechi nne za kwanza ni kipande cha ratiba tu, na aliyepanga ratiba hakukiweka kwa ajili ya kukuonyesha ukweli.

Kuna jambo lingine watu wa huku hatulijui. Mwishoni mwa Desemba na mwanzo wa Januari wanafunzi wako likizo. Mechi za konferensi za siku hizo zinachezwa kwenye kumbi zenye wazazi na wazee wa mji tu. Ukishinda ugenini tarehe hizo umeshinda ukumbi mtupu. Rudi hapo Februari vijana wamefungua chuo, utaona moto. Halafu matokeo ya muhula wa kwanza yanakuwa yametoka: kuna mchezaji kafeli anakaa pembeni, na kuna mwingine aliyekuwa nje anarudishwa. Timu ya tarehe 5 Januari na ya tarehe 5 Februari zinaweza kuwa na jezi ileile na watu tofauti.

Na za Novemba na Desemba, kabla konferensi haijaanza, usizihesabu kabisa. Kuna vyuo vinajaza ratiba na vyuo vya Biblia vyenye wanafunzi wachache. Tarehe 20 Novemba 2012, Jack Taylor wa Grinnell College, Divisheni ya Tatu, Iowa, alifunga pointi 138 kwenye mechi moja. Alirusha mara 108. Waliocheza nao ni Faith Baptist Bible, na Grinnell walishinda 179 kwa 104. Ni rekodi ya kweli na kijana alifanya kazi ya ajabu, lakini wakala akikutumia video ya namna hiyo kukuthibitishia kwamba timu ni hatari, muulize mpinzani alikuwa nani. Utasikia ukimya.

Usiseme basi nitafuata mzunguko wa pili popote. Kuna konferensi hazina mzunguko wa pili. NESCAC kule kaskazini mashariki, wakina Amherst, Williams na Tufts, wako vyuo 11 na kila mmoja anakutana na mwenzake mara moja tu, mechi 10, nyingi zikiangukia Ijumaa na Jumamosi mfululizo. Hapo timu ikianza na wikiendi mbili nyumbani, msimamo unapinda vibaya sana. Kwa hao subiri mpaka wamalize zote kumi, halafu angalia nani aliwafunga wapi. Wale wa konferensi ya UAA, kina Emory, Chicago na NYU, wako vyuo 8, wanacheza nyumbani na ugenini, mechi 14, na wanasafiri kwa ndege. Huko kanuni inasimama vizuri kabisa.

Vyote hivi viko wazi, bure. Kila chuo kina ukurasa wa timu: ratiba, matokeo, takwimu za kila mechi, na orodha ya wachezaji yenye mwaka wa kila mmoja. Mimi sikujua, na aliyelipwa kunijulisha hakunijulisha. Chukua wafungaji watano wa juu, tazama wangapi ni wa mwaka wa nne. Kwangu walikuwa wanne kati ya watano. Ningeliona hilo kwa dakika mbili, baba angekuwa na kiwanja chake.

Ukimaliza hapo jiulize na hili. Caltech, moja ya vyuo bora vya sayansi duniani, wanacheza Divisheni ya Tatu, na walifungwa mechi 310 mfululizo za konferensi, tangu 1985. Waliivunja hiyo laana tarehe 22 Februari 2011, wakawafunga Occidental 46 kwa 45. Zaidi ya miaka 25 msimamo unasema usimpeleke mtoto pale! Najua watu wetu wakisikia kikapu cha chuo Marekani wanamwona Hasheem Thabeet wa Connecticut, namba mbili kwenye usajili wa NBA 2009. Ile ilikuwa Divisheni ya Kwanza, njia tofauti. Divisheni ya Tatu dogo anakwenda kuchukua shahada, mpira unamfungulia mlango tu. Kwa hiyo kocha anayempigia simu mama, na dola 9,000 kwa mwaka, vina uzito kuliko duara jekundu.

Na hiyo Jumapili ya wakala imetoka wapi? Labda kama dogo aliomba kwa mkataba wa mapema unaomfunga, lakini kwa maombi ya kawaida vyuo vingi vya Marekani vinampa mwanafunzi hadi tarehe 1 Mei kujibu. Mechi za konferensi zinaisha mwisho wa Februari. Utakuwa na msimu mzima mezani, ugenini na nyumbani, na bado una miezi miwili ya kufikiri. Mwambie wakala akutumie barua ya chuo chenyewe yenye tarehe ya mwisho. Barua ya chuo, sio ujumbe wake wa WhatsApp.

Nitumie jina la chuo inboksi leo. Saa tatu usiku nitakuwa nimefungua ratiba yao, wewe fungua ya kwako na dogo akae pembeni yako na kalamu, tupitie mechi moja moja kwa simu: nani, wapi, na walicheza jana yake au la. Wakala akipiga, iache iite.