Kabla hujauza Porsche 911 yako uchukue Corvette ya injini katikati, nisikilize kwanza

Juzi nimetoka zamu ya usiku nikakuta ujumbe wa msomaji mmoja anayeishi Minneapolis. Ananiandikia hivi: "Kaka, pole na majukumu. Nina 911 ya 2010, gia ya mkono, nimekaa nayo miaka sita. Mnunuzi nimeshampata. Kuna Corvette C8 nyekundu nimeiona, ina maili chache. Wenzangu wananiambia nikichelewa nitajuta. Nina watoto wawili, wa miaka sita na minne. Nishauri kama mdogo wako."

Niliusoma mara tatu nikiwa bado nimevaa viatu vya kazini. Mdogo wangu, huyo unayemwelezea ni mimi wa mwaka 2021. Ningetamani kukujibu kwa sentensi moja, lakini hutanielewa mpaka nikusimulie yaliyonipata.

Mapenzi yangu kwa 911 sikuyaokota Marekani, niliyarithi. Pasaka ya 1978 baba yangu, akiwa bado kijana, alisimama kwenye matope ya Bonde la Ufa kutazama Safari Rally. Mwaka ule Jean-Pierre Nicolas alishinda na Peugeot 504, na mtoto wa nyumbani, Vic Preston Jr, akawa wa pili na Porsche 911 SC. Baba alikuwa mtu wa Peugeot, kama Wakenya wengi wa wakati huo. Ila kila alipoisimulia siku ile, mshindi hakumtaja. Alilisimulia lile gari lililopita pua juu, makalio yamekaa chini, tope likiruka hadi kwenye miti. "Lile gari," alikuwa akituambia, "linabeba injini mgongoni, kama mama anavyombeba mtoto."

Nilibeba maneno hayo kutoka Molo, Kenya, hadi San Antonio, Texas. Mwaka 2014, baada ya miaka miwili ya kufanya zamu mbilimbili kwenye wodi, nilinunua 911 Carrera S ya 2009. Lita 3.8, nguvu za farasi 385, gia sita za mkono. Ya 2009 niliichagua kwa makusudi, maana kuanzia hapo Porsche waliweka injini mpya isiyo na ile beringi ya shafti ya kati (IMS) iliyowatia watu hasara kwenye injini zilizotangulia. Nililipa taslimu. Muuguzi, mtoto wa mkulima wa viazi, nimelipa 911 taslimu. Nasema hivyo bila aibu, kwa sababu naijua kila saa ya usiku iliyoingia kwenye zile pesa.

Halafu nikagundua kuwa sijui kuiendesha.

Mtu aliyekulia kwetu akisukuma baiskeli yenye gunia la viazi kwenye keria anaijua 911 kabla hajaikalia. Kwenye mlima tairi la mbele linakuwa jepesi, usukani unakosa neno. Kwenye mteremko wenye kona, gunia ndilo linaloamua. Injini ya 911 imekaa nyuma ya ekseli ya nyuma, nje kabisa, na ndivyo ilivyo tangu 1963. Ukiingia kona na mwendo mkali, ukashtuka ukaachia mafuta ghafla, uzito unakimbilia mbele, tairi za nyuma zinapoteza mshiko, na mkia unakuja kukutangulia.

Mimi ulinijia kwenye barabara namba 337, karibu na Leakey. Zile barabara tatu, 335, 336 na 337, zinapanda na kushuka vilima magharibi mwa San Antonio, na wapenda magari wanaziita Three Twisted Sisters. Niliachia mafuta katikati ya kona, gari likageuka likatazama lilikotoka. Hapakuwa na gari lingine. Nilizima injini nikakaa kando ya barabara mpaka mikono ikaacha kutetemeka.

Kuanzia siku ile nikaanza kujifunza upya. Breki zote uzimalize gari likiwa limenyooka. Uingie taratibu kuliko moyo unavyotaka, kisha ukanyage mafuta mapema, ili ule uzito wa nyuma uzikandamize tairi zako badala ya kukuangusha. Ilinichukua karibu miaka mitatu kuyafanya hayo bila kuyafikiria. Sijawahi kujifunza kitu kigumu zaidi ya hicho nje ya darasa la uuguzi.

Na kiti cha nyuma kilikuwa cha binti yangu. Watu wanavicheka viti vya nyuma vya 911, ati ni vya kuwekea mikoba. Kwa mtoto wa miaka minne ni chumba kizima. Tangu chekechea nilimpeleka shule akiwa kule, mgongo wake karibu na ile injini, na aliweza kutambua gia ya pili na ya tatu kwa sauti tu. Mwaka 2015 baba alikuja kututembelea. Tukatoka sisi watatu: mzee mbele, mjukuu nyuma, mimi kwenye usukani. Mzee hakuongea njia nzima. Tulipofika nyumbani alikipapasa kifuniko cha injini kwa kiganja, akaingia ndani. Hakurudi tena Marekani. Alifariki mwaka uliofuata.

Sasa njoo Julai 2019.

Tarehe 18 mwezi huo Chevrolet waliifunua C8, yaani kizazi cha nane cha Corvette, huko Tustin, California, Corvette ya kwanza ya kuuzwa yenye injini nyuma ya mgongo wa dereva na mbele ya ekseli ya nyuma. Mhandisi Zora Arkus-Duntov aliipigania injini ya katikati tangu miaka ya 1960, akafariki 1996 bila kuiona ikiingia sokoni. Na bei! Chini ya dola 60,000 kwa kuanzia, wakati 911 mpya ilikuwa inaanzia karibu na dola 100,000. V8 ya lita 6.2, nguvu za farasi 495 ukiweka ekzosi ya michezo, na ikiwa na kifurushi cha vifaa vya michezo cha Z51 unafika maili 60 kwa saa kwa sekunde 2.9.

Sisi ni wanne, tunakutana Jumamosi asubuhi kwa kahawa na magari. Miaka yote mimi ndiye niliyekuwa nikiidharau Corvette. Baada ya Julai ile hawakunipa nafasi ya kupumua. Mmoja akaja na hoja iliyonimaliza: hata Porsche wenyewe, walipotengeneza 911 RSR ya mashindano ya mwaka 2017, waliihamisha injini wakaiweka mbele ya ekseli ya nyuma. "Kama mwenye gari amekubali," akaniuliza, "wewe unabishana na nani?" Sikuwa na jibu. Mtu mwenye kiburi akikosa jibu hutafuta namna ya kuhamia upande wa washindi, na mimi nilihama.

Mgomo wa wafanyakazi wa General Motors mwaka ule na korona iliyofuata vilichelewesha magari, hamu ikazidi kupanda. Mwaka 2021 niliiuza 911 kwanza, kabla sijaliendesha gari jipya hata mtaa mmoja. Kisha nikaenda kwa muuzaji ambaye simtaji, akaniongezea dola 15,000 juu ya bei ya kiwanda, akanitazama usoni akasema kuna wengine wanasubiri. Nikalipa. Hadi leo nikiikumbuka sahihi ile, tumbo linanikaza.

Nitaitendea haki C8, kwa sababu wapenzi wa Porsche wengi hawaitendei haki. Ni gari zuri mno. Siku ya kwanza kabisa kule Leakey nilipita kwenye kona ileile iliyonigeuza, kwa mwendo ambao kwenye 911 nisingethubutu. Ukizisoma namba za mizani utashangaa: C8 nayo inabeba karibu asilimia 60 ya uzito wake nyuma, haiko mbali sana na 911. Tofauti ni mahali gunia lilipokaa. Kwenye 911 linaning'inia nje ya keria. Kwenye C8 umelifunga katikati ya baiskeli, karibu na kiuno chako, kwa hiyo ukikata kona gari zima linazunguka pamoja nawe. Umekaa mbele sana, karibu juu ya tairi za mbele, pua imeinama, barabara unaiona yote. Gia nane za klachi mbili zinabadilika kabla hujamaliza kufikiri. Ina buti mbele na nyuma, paa unalivua kwa mikono, na kwa safari ndefu kuelekea El Paso mgongo hauumi.

(Wanaoniuliza kutoka Nairobi: ndiyo, C8 ni Corvette ya kwanza kutengenezwa kiwandani ikiwa na usukani wa kulia, kwa hiyo mnaweza kuipata. Pambaneni tu na sheria ya kutoingiza gari lenye zaidi ya miaka minane, na hakikisheni ina ile mitambo ya kuinua pua, inayokumbuka hadi sehemu 1,000. Mtazijaza zote kwa matuta.)

Lakini haikuniuliza kitu. Ile miaka mitatu ya kujifunza kuingia taratibu na kukanyaga mapema, C8 haikuihitaji. Ilinisamehe kila kosa. Hakuna gia ya mkono, haikuwekwa hata kwa ziada. Mguu wangu wa kushoto ukawa hauna kazi. Nilikuwa na kasi kuliko wakati wowote maishani, na nilikuwa abiria. Najua wapo watakaosema huo ni ushamba, kwamba gari bora ni lile lisilokutesa. Waseme. Aliyewahi kujifunza kitu kigumu kwa mikono yake, kisha akanyang'anywa mahali pa kukifanyia, atanielewa.

Na hilo bado ni dogo. Jioni niliyoileta C8 nyumbani, binti yangu alikuwa na miaka kumi na mmoja. Akalizunguka gari mara moja, akachungulia dirishani, akaniuliza, "Baba, na mimi nitakaa wapi?" Nikamwambia atakaa mbele. Akasema, "Na mama?"

Viti ni viwili. Nilikuwa nimeijua idadi hiyo kwa miaka miwili, naijua kama ninavyozijua zile sekunde 2.9, na haikunijia hata mara moja kwamba inamhusu mtu. Tukaanza kwenda kanisani kwa magari mawili. Wao mbele na gari la mama yake, mimi nyuma yao na V8 yangu, nikiwaona wakicheka kupitia kioo chao cha nyuma.

Sasa ushauri, mdogo wangu, na ninausema kwa msisitizo kwa sababu umenigharimu.

Endesha kwanza. Simaanishi dakika kumi kuzunguka jengo la muuzaji huku kijana wa mauzo akikuhesabia nguvu za farasi. Kodi C8 kwa siku mbili, iendeshe kwenye barabara zako, na baridi yenu hiyo, na foleni yenu hiyo. Na usiuze kabla hujaendesha. Narudia kwa sababu mimi nilifanya kinyume: usiuze kabla hujaendesha. 911 ya gia ya mkono ikishatoka mikononi mwako, kuirudisha si kazi ya mshahara. Mimi niliitafuta ile yangu mwaka jana. Nikaikuta imeuzwa jimbo lingine, na bei inayotakiwa ni kubwa kuliko ile niliyoiuzia.

Wenzako wa Jumamosi wapende, kunywa nao kahawa, lakini wasikuchagulie gari. Wao hawatalikalia Jumatatu. Na muuzaji akikuambia kuna wengine wanasubiri, waache wengine wachukue. Gari la kiwandani halijawahi kuisha duniani.

Kama ungekuwa huna watoto, na unachotaka ni kasi nyingi kwa pesa kidogo, ningekuambia chukua C8 leo na usitazame nyuma. Hakuna gari jipya ninalolijua linalokupa kiasi kile kwa bei ile, na asiyekubali anaongea na nembo, haongei na gari. Lakini umeniandikia umri wa watoto wako bila mimi kukuuliza. Nadhani unajua kwa nini umeuandika.

Binti yangu sasa ana miaka kumi na mitano, umri ambao Texas inamruhusu kuchukua leseni ya mwanafunzi. Mwezi uliopita aliniambia anataka kujifunza gia ya mkono. Hataki otomatiki, anataka klachi, kama ile aliyokuwa akiisikiliza akiwa nyuma. C8 nimeshaitangaza kuuzwa, na Alhamisi naenda Austin kuangalia 911 ya 2011, ina maili nyingi, ngozi ya kiti cha dereva imechanika. Nitaendesha kwanza.

Wewe Jumamosi kodi hiyo Corvette. Jumapili wafunge watoto mikanda kwenye viti vya nyuma vya 911, mzunguke ziwa lolote la huko Minnesota, tena bila redio. Namba ya mnunuzi wako usiipige kabla ya Jumatatu.