Chupa za baba mkwe zimelala kela miaka 20 na ushee, nizifungueje?

SWALI: Kaka habari za kazi. Mi ni Mtanzania, nimeolewa huku Ujerumani, tunakaa karibu na Trier. Baba mkwe alifariki mwaka jana akatuachia nyumba, sasa kela yake, kile chumba cha chini ya nyumba, ina chupa kama 60 za waini zimejaa vumbi balaa. Mume wangu ni mtu wa bia, anasema tumwage. Nimesoma lebo nikaona Riesling, waini nyeupe za bonde la Mosel huku kwetu, zimeandikwa Spätlese (yaani zabibu zilizochelewa kuvunwa), za 1990 na 2001, kuna Bordeaux nyekundu za Ufaransa za 1990, 1996 na 2005, zingine ni za supamaketi tu za 2008 huko. Nataka niite marafiki sita tuzionje kumkumbuka mzee maana alinipenda kama mwanae wa kumzaa. Zitakuwa nzima bado? Na naanzia wapi?

JIBU: Dada yangu pole sana kwa msiba, na tafadhali mwambie shemeji asimwage hata tone! Mzee alijua anachoweka. Hiyo miaka ya Bordeaux uliyoitaja sio ya kuokota, 1990 na 2005 ni kati ya mavuno yanayosifiwa sana kule, na 1996 zabibu za Cabernet Sauvignon upande wa Médoc zilikubali vizuri mno. Riesling nayo ina ukali wa asili kama wa ndimu, na Spätlese ikiwa na kasukari kidogo ndani basi hivyo viwili vinaitunza hata miaka 30. Zile za supamaketi nakuwa mkweli, nyingi zilitengenezwa zinywewe ndani ya miaka michache, hizo ndo shemeji apikie nyama.

Kabla hujaita mtu shuka na tochi uangalie chupa moja moja bila kuzitikisa. Tazama waini imefika wapi shingoni, ikiwa imeshuka mpaka kwenye mabega ya chupa ya Bordeaux jua hewa imeshaingia, hiyo usiitegemee. Angalia pia kizibo kama kinavuja. Kela nyingi za huko zina ubaridi wa nyuzi 10 mpaka 13 mwaka mzima, giza, unyevunyevu, na kama chupa zililazwa kizibo hakikukauka, kwa hiyo mi nina matumaini makubwa.

Chagua nne tu za siku hiyo na mbili za akiba, maana chupa ya mililita 750 kwa watu saba ni kama mililita 100 kila mmoja, na wanaoendesha gari wawekee jagi la kutemea, sio aibu hata wataalamu wanatema. Nyekundu zisimamishe wima siku mbili kabla ili mashapo yatue chini. Kizibo cha miaka 30 ni kama mkate mkavu, ukikivuta kwa papara kinavunjikia ndani, tafuta kile kizibuo cha miguu miwili bapa kinachopita pembeni ya kizibo, na kikivunjika usilie, chuja kwa kitambaa safi endelea. Ukimimina weka tochi ya simu nyuma ya shingo, ukiona mashapo yanakuja acha hapohapo. Ile Bordeaux ya 1990 ifungue watu wakiwa wameshakaa, waini mzee inaweza kunukia vizuri nusu saa halafu ikazima kabisa, ila ya 2005 unaweza kuimimina kwenye jagi saa moja au mbili mapema ipumue.

Wengi watakwambia anza na nyeupe, yaani hiyo Riesling. Mi hapa nakataa, ukitanguliza utamu nyekundu zitaonekana chungu bure. Anza na Bordeaux ya 1990 ulimi ukiwa bado mpya, ifuate 1996, halafu 2005 yenye nguvu, chakula kiwe mkate na nyama ya kuchoma isiyo na pilipili. Riesling ya 2001 iweke mwisho, ya baridi, na hapo ndo toa sambusa zako zenye viungo uone wageni wanavyonyamaza! Itanukia asali na kitu kama mafuta ya taa kwa mbali, msishtuke, Riesling ikizeeka ndivyo inavyokuwa, na chembe zinazong'aa chini ya chupa sio vioo, ni chumvi ya zabibu yenyewe. Kinachoonyesha imeharibika ni harufu ya boksi lililonyeshewa mvua, huo ni ugonjwa wa kizibo, haudhuru mtu ila utamu haupo tena, fungua ya akiba. Ikinuka siki pia iache.

Na usingoje siku nyingine kubwa zaidi. Mi niliweka chupa ya waini ya Stellenbosch, Afrika Kusini, juu ya friji nyumbani Sinza miaka 9 nikisubiri harusi ya rafiki yangu, joto likaipika, siku ya siku ikatoka maji ya zabibu kavu yaliyochachuka, iliniuma sana kwa sababu aliyenipa ndo alikuwa anaoa. Wakati mnaonja muombe shemeji asimulie mzee alizinunua lini na kwa nani, hata kama hanywi hiyo meza ni ya kwake.

SWALI: Nipo Mbagala, naweza kutunza waini ya Dodoma stoo hata miaka mitano?

JIBU: Hapana ndugu yangu. Joto la Dar linafika nyuzi 30 na zaidi, waini inazeeka haraka na vibaya. Bila friji maalum ya waini ilaze sehemu yenye kivuli mbali na jiko, na iishe ndani ya miezi michache, tamu yake ipo kwenye upya wake.