Je, kuwaza picha wakati wa sala ni kujidanganya?

SWALI: Nikisoma Injili najikuta naona picha akilini. Naogopa ninajitungia imani. Niache?

JIBU: Usiache. Yesu mwenyewe alifundisha kwa mifano inayomtaka msikilizaji aone mpanzi na mbegu. Ignatius wa Loyola naye, padre mwanzilishi wa shirika la Wajesuiti, katika kitabu chake Mazoezi ya Kiroho kilichochapishwa mwaka 1548, anaelekeza kusali hivyo.

Chukua Marko 10:46-52. Soma mara mbili polepole, kisha funga Biblia. Sikia umati ukimkemea Bartimayo, kipofu ombaomba anayemwita Yesu, anyamaze. Mwone akilitupa vazi lake. Kaa hapo kwenye vazi, usikimbilie muujiza: kwa ombaomba, huenda hiyo ndiyo mali yake yote, na kipofu akiitupa katikati ya watu, ataipataje tena asipoponywa? Halafu swali la Yesu, “Wataka nikufanyie nini?”, lipokee kama lako, umjibu. Dakika 20 zinatosha.

Wengi huharibu pale wanapomwekea Yesu maneno mapya, kisha wakayashika kama ufunuo. Ukiona hivyo, fungua Biblia, rudi kwenye mstari. Na picha zisipokuja kabisa, sikiliza maneno tu. Sala haijapungua kitu.