Nyota Zikitoka Kama Punje za Mchele

Umenunua darubini, picha ya kwanza nyota zote ndefu, na tayari mkono uko kwenye skrubu. Acha kwanza. Piga picha ya sekunde 2, halafu ya sekunde 120, pale pale. Za sekunde 2 zikiwa duara na za 120 zimevutika upande mmoja fremu nzima, mtambo unaobeba na kuzungusha darubini haufuati anga vizuri. Zikiwa na kasoro hata kwa sekunde 2, angalia vioo. Nyota za pembeni zikiwa na mikia inayofuata mstari wa kutoka katikati, hiyo ni kasoro iitwayo koma, kawaida ya darubini ya Newton, ile ya vioo. Nyota za pembe tatu? Vibanio vya kioo vimekazwa mno.

Mimi niliruka hatua hiyo. Wiki 3 kule Ahero, karibu na Kisumu, nilihangaika na mipangilio ya PHD2, programu ya kuongoza mtambo ufuate nyota, grafu yake imetulia kama maji ya mtungini, nyota bado ndefu. Kumbe grafu husimulia tu kinachoonwa na kadarubini ka kuongozea. Ile darubini kubwa pembeni yake haiijui. Usiku mmoja nikakashika kwa vidole viwili, kakacheza. Skrubu moja ya plastiki! Nilicheka peke yangu gizani, mbu wakinimaliza.

Udongo mweusi wa huko nao ni mtihani. Baada ya mvua, miguu huzama polepole, na mtambo uliopangwa vizuri saa mbili usiku, ikifika saa nne mpangilio haupo tena. Weka kipande cha kabro chini ya kila mguu.

Tena sisi tuko karibu kabisa na ikweta. Nyota ya kaskazini, ambayo wengine huelekezea mtambo, imelala kwenye upeo wa macho, nyuma ya milima ya Nandi, kwa hiyo usiitafute. Mhimili wa mtambo wako unatakiwa kulala karibu sawa na ardhi, na mitambo mingi haishuki hivyo, au chuma cha uzani hugonga mguu. Uliza kabla ya kulipa.

Kupanga mhimili bila nyota ya kaskazini, angalia nyota nyingine inavyoteleza kuelekea kaskazini au kusini. Nyota ya utosini hukuambia kama umeelekeza mhimili sawa kushoto na kulia. Ya chini mashariki hukuambia kama mwinuko wa mhimili uko sawa. Katikati ya Januari, kati ya saa nne na saa tano usiku, Mintaka, nyota ya mkanda wa kundi la Orion, hupita karibu juu ya kichwa chako. Itumie hiyo, na hapo hapo ndipo uifundishe PHD2 mwendo wa mtambo. Ila waya zifunge kwanza. Darubini ikielekea utosini, waya wa kamera hupenda kunasa kwenye mguu.