Maswali na Majibu: Kujuana na Biashara

Nimo kwenye makundi ya WhatsApp ya wafanyabiashara yasiyopungua ishirini, na simu imejaa namba, lakini mauzo ya duka langu la vipodozi hayasogei. Tatizo ni nini? (Tabata)

Swali hili huletwa karibu kila wiki, na kila mara mwulizaji hasemi ni nani kati ya watu hao aliyewahi kununua kwake, kumkopesha mzigo au kumletea mteja. Chukua daftari la mauzo la miezi mitatu, andika mbele ya kila mteja alikotokea, kisha ujitoe kwenye kila kundi lisiloonekana humo.

Nauza viatu Mbagala. Kwa miaka miwili tajiri wangu wa jumla Kariakoo ananiuzia kwa taslimu tu, ilhali mwenzangu anayetoka naye mkoa mmoja anapewa mali kauli, yaani mzigo wa kulipia baada ya kuuza. Je, bila undugu hakuna biashara?

Undugu huharakisha mambo, hilo silikatai. Anayetoa mali kauli hana hati wala dhamana mkononi, hivyo anataka kujua atakupata wapi ukitoweka, na mtu wa kwao anajua pa kumtafuta. Wewe huna budi kumpa njia nyingine ya kukufahamu. Acha kuzunguka maduka manne kwa ajili ya nafuu ya shilingi mia tano; nunua kwake mfululizo, na ulipe kwa simu au benki ili malipo yaache kumbukumbu. Mkaribishe aje, au amtume kijana wake, aione fremu yako. Baada ya hapo omba dazeni mbili tu, si mzigo mzima, mkiwa mmekubaliana siku ya kulipa. Siku hiyo ikifika kabla hujamaliza kuuza, mpigie asubuhi kabla hajakupigia, mpelekee ulichonacho na umtajie tarehe ya salio. Nimeona watu wakizima simu kwa deni la laki mbili, na kwa kufanya hivyo wakajifungia milango ya mtaa mzima, kwa kuwa wenye maduka ya jumla huulizana habari za wateja kila siku.

Wanauchumi Marcel Fafchamps na Bart Minten, waliowachunguza wafanyabiashara wa mazao nchini Madagaska, walikuta kwamba waliofahamiana na wafanyabiashara wenzao wengi zaidi walikuwa na mauzo makubwa zaidi, hata baada ya kuzingatia tofauti za mtaji. Uhusiano wa kifamilia haukuonyesha faida hiyo. Kwa hiyo usimwonee mwenzako wivu; jenga jina.

Je, nijiunge na TCCIA?

Ukiwa unauza bidhaa nje ya nchi, ndiyo, kwani chemba hiyo ya biashara, viwanda na kilimo hutoa vyeti vya uasili, vinavyoonyesha bidhaa imetoka nchi gani. Ukitafuta picha na viongozi, okoa ada yako.

Tuko mafundi sita wa aluminiamu, marafiki tangu chuo, tunapeana kazi. Mwaka huu kazi zimekauka kwetu sote. (Sinza)

Zimekauka kwenu sote kwa sababu nyote mnasikia habari zilezile. Mwaka 1973 mwanasosholojia wa Marekani, Mark Granovetter, alichapisha matokeo ya kuwahoji watu wa Newton, karibu na Boston, waliopata kazi kupitia mtu wanayemfahamu: takriban 17 tu kati ya kila 100 walikuwa wakionana na mtu huyo mara kwa mara. Wengi walipata habari kwa mtu wa mbali kidogo, anayeishi kati ya watu wengine. Kwenu mtu huyo ni mchora ramani, fundi mwashi, muuza vioo au dalali wa viwanja vya Kigamboni. Endeleeni kuazimana mashine, lakini kila mmoja wenu atafute marafiki wa fani ambayo wengine watano hawaifahamu.

Naomba uniunganishe na mkubwa yeyote serikalini nipate tenda.

Hapana, na msiniandikie tena ombi hili. Zabuni za umma ziko kwenye NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi kwa mtandao. Jisajili, andaa nyaraka na uombe. Anayekuahidi tenda kwa kutanguliza "chai" anakuibia au anakuingiza kwenye rushwa, na vyote viwili ni mambo ya kupeleka TAKUKURU.

Mimi ni mama lishe. Ndugu na majirani wanakula kwa mkopo, nikidai naambiwa nina roho mbaya. (Buguruni)

Pole, mama. Watu hao pia ndio waliokuletea wateja wa mwanzo, kwa hiyo usiwafukuze. Jilipe posho ya kila siku, hata iwe elfu tano, na msaada wa ndugu utoke humo, usitoke kwenye hela ya mchele na mkaa. Wanaokopa waandike kwenye daftari la peke yake, kila mmoja na kikomo chake. Usiwadai mbele ya wateja. Wafuate jioni, uwaonyeshe ukurasa, na asiyelipa hadi Jumamosi asipewe sahani Jumatatu, awe shemeji au mwenye nyumba.