Picha ya Kitenge na Rundo la Nafaka

SWALI: Assalaam alaykum, Sheikh wetu. Ninauza vitenge Kadutu, hapa Bukavu, kwa mtaji mdogo, na siku hizi wateja wengi ninawapata kwa picha ninazoweka WhatsApp. Kijana anayenisaidia anataka tuchukue picha nzuri za intaneti, kisha jamaa zetu waandike kwamba wamenunua na wameridhika, ingawa hawajanunua. Mara nyingine ninatangaza kitenge ambacho bado kiko depo ya mtu mwingine, nikakifuata baada ya mteja kutuma pesa kwa simu. Je, ni halali?
Mama muuzaji, Kadutu

JIBU: Waalaykum salaam, mama. Kuuza kwa simu hakuna ubaya. Ni soko kama masoko mengine, na hukumu za soko zinakufuata humo.

Nianze na picha. Imepokewa katika Sahihi ya Muslim, kitabu cha hadithi, kwamba Mtume, rehema na amani zimshukie, alipita penye rundo la nafaka, akaingiza mkono ndani, vidole vyake vikakuta unyevu. Mwenye mali alipoeleza kwamba ilinyeshewa, Mtume alimuuliza kwa nini hakuiweka iliyolowa juu ili watu waione, kisha akasema kwamba anayedanganya si katika watu wake. Zingatia, mama, kwamba hakumkataza kuiuza. Sasa mnunuzi wako aliyeko Uvira hawezi kuingiza mkono ndani ya simu: anachokiona ni juu ya rundo tu, na juu hapo unapapanga wewe. Kwa hiyo kipige picha kitenge chenyewe, mchana, penye mwanga, pamoja na ule mkunjo uliofifia kwa jua, uandike yadi zake, bei yake, na kama nauli ya pikipiki imo au haimo.

Jamaa wanaojifanya wanunuzi wanafanana na wale wa najshi, yaani mtu kupandisha bei ya kitu asichokusudia kukinunua ili amvute mwingine, jambo ambalo Mtume alilikataza katika hadithi ya Ibn Umar iliyopokewa na Bukhari na Muslim. Juu ya hayo, ni uongo mtupu. Waombeni maneno wateja walionunua kweli, hata wakiwa 3.

Kitenge cha depo kinahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu sahaba Hakim bin Hizam alikatazwa na Mtume kuuza asichokuwa nacho. Sikuambii ununue kwanza mali yote, nami nimesikia hali ya mtaji wako. Patana na mwenye depo uwe wakala wake kwa ujira unaojulikana katika kila kipande, na mteja umweleze kwamba mali ni ya mwingine. Hapo unafanya udalali, nao ni halali. Mwenye depo akikataa, mteja atoe ahadi tu, asitume pesa mpaka umekinunua na kukipokea. Na akikuta rangi si ile ya picha, mrudishie fedha zake pamoja na gharama ya kuzituma, kwa kuwa kosa ni la picha yako.