Mtoto akiuliza habari za fisi, usimjibu wewe

Mama mmoja ameniandikia: mwanawe wa darasa la tatu alipewa kazi ya fisi, yeye akamtafutia kwenye simu, mtoto akanakili, asubuhi hakumbuki kitu. Pole, mama yangu, lakini kazi hiyo umeifanya wewe.

Nilipoanza kuwafundisha wadogo kutafuta wenyewe, ofisi ya walimu ilinicheka. "Hawa hata kusoma hawajanyooka, unawapa faharasa?" Sijasahau. Mwaka huu watoto hao hao walisimama mbele ya wazazi wakaeleza habari za wanyama bila karatasi, na waliocheka wakapiga makofi. Niliwatazama mmoja mmoja.

Sisi pia tulianza na fisi. Darasa zima lilijua ni mwoga na mla mizoga. Mmejuaje? Hadithi za bibi. Basi nikaandika swali moja tu ubaoni: fisi huwinda? Swali kwanza, wazazi. Bila swali mtoto hunakili ukurasa mzima.

Kitabu tukakifungulia nyuma, kwenye faharasa, ile orodha ya maneno na kurasa zake. Kidole kinateremka kwenye F, midomo inacheza, mwingine anapitiliza hadi fuko. Hapo ndipo ulimi unakuwasha useme, na hapo ndipo unyamaze. Wakalipata: fisi madoa huwinda sehemu kubwa ya chakula chake, na jike ni mkubwa kuliko dume, tena ndiye mtawala wa kundi. Wasichana walishangilia!

Mvulana mmoja akagoma: kitabu kinadanganya. Nilimpenda kwa hilo. Tukafungua kitabu cha pili, kikakubaliana na cha kwanza. Akauliza tena, bado wapo wengi? Hilo kitabu cha zamani hakiliwezi, tukaingia kwenye hifadhidata ya IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, ile Orodha Nyekundu inayoonyesha viumbe gani wamo hatarini kutoweka. Wakaandika jina la kisayansi, Crocuta crocuta, herufi kwa herufi, maana jamii ya fisi ina spishi nne na mmoja wao hula mchwa. Jibu: hayumo hatarini, ila idadi yake inapungua.

Kisha funga vyote, ndipo mtoto aandike. Wazazi wenzangu, tunataka watoto wasomi huku tukiwatafunia kila kitu. Acheni. Swali, faharasa, chanzo cha pili. Nasema tena, chanzo cha pili!

Juma lijalo ni zamu ya popo. Wawili wameshaanza kumtafuta kwenye kurasa za ndege, nami sijawaambia kitu.